Stima Iliporudi Macalder

Nguzo za kwanza nilizopanda hazikuwa na stima. Zilisimama nyuma ya ofisi ya shirika pale Homa Bay, katika uwanja wa murram uliozungushiwa seng'enge, na nyaya zilizofungwa juu yake zilianzia hapo na kuishia hapo. Watu waliokuwa wakishuka kuelekea ziwani walisimama kando ya ua kututazama. Mimi ndiye waliyenitazama zaidi, kwa kuwa nilikuwa msichana, na kwa kuwa siku za mwanzo sikuwahi kuvuka nusu ya nguzo. Nikifika pale niliubana mti kwa mikono, meno ya vyuma tulivyofungiwa miguuni yakachomoka kwenye mti, nami nikateleza hadi chini nimeikumbatia nguzo, mikono imejaa vibanzi na ile dawa nyeusi ya kuzuia mchwa.

Tulikuwa wanagenzi. Shirika la umeme la umma lilitangaza kwamba linachukua vijana wa Migori na Homa Bay wajifunze ufundi wa laini huku wakilipwa posho. Kwetu Awendo, baba alikuwa amekata miwa ya watu mpaka mgongo ukakataa. Nilipomwambia nimechukuliwa, aliuliza, "Wanakulipa wao, au unawalipa wewe?" Nikamjibu wananilipa wao. Akauliza tena vilevile, kana kwamba mara ya kwanza sikuelewa swali.

Mwalimu wetu alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani, mtu aliyekaribia kustaafu, mfupi, mwenye mabega mapana na kofia ya sufi ambayo hakuivua hata jua la Homa Bay lilipokuwa linachoma mabati. Tulimwita Mzee. Hakujua Kijaluo na sisi hatukujua Kikuria, kwa hiyo kila alichotufundisha alitufundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi: panda, shuka, funga, fungua, rudia. Sentensi ndefu aliyoisema mara nyingi ni kwamba stima haina ukoo. Haijui huyu ni mwana wa nani.

Alitupanga wawiliwawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Rangwe, mrefu, mwenye mikono mirefu na sauti ya chini. Pale uwanjani hatukuitana kwa majina. Yeye alikuwa Jarangwe, mtu wa Rangwe, na mimi Nyar Sakwa, binti wa Sakwa, upande wetu wa Awendo. Hata Mzee alituita hivyo, kwa ule ulimi wake wa Kikuria uliofanya maneno ya Kijaluo yasikike kama mawe yanayogongana.

Jarangwe ndiye aliyenifikisha juu ya nguzo. Siku moja wengine walipoenda kula, alibaki na mimi.

"Unajua kwa nini unachoka?" akaniuliza. "Unauogopa mkanda. Unajishikilia kwa mikono wakati mkanda umekuja kukushikilia. Uketie. Ukae kama mtu aliyeketi kitini nyumbani kwao."

"Na ukikatika?"

"Ukikatika utaanguka. Lakini haujakatika."

Alipanda nguzo ya pili, sambamba na mimi, akawa ananizungumzia njia nzima kuhusu mambo yasiyo na maana, bei ya ng'ombe, mchungaji wa kanisa lao anayekoroma kabla ya mahubiri. Niliposhtuka nilikuwa kileleni. Ziwa lilikuwa mbele yangu lote, jeupe kwa jua, na nilikuwa nimeketi.

Mimi nilimsaidia darasani. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani miaka akiuza mchanga wa mtoni, kisha akarudi shuleni akiwa mkubwa kuliko wote na kufanya mtihani wa mwisho bila kuwa tayari. Alama zake zilikuwa ndogo. Lakini mkononi mwake waya ulitii. Alipoufunga kwenye vile vikombe vya kaure vinavyokaa juu ya nguzo, mizunguko ililala sambamba kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira, na ncha ya mwisho aliikunja ndani isimkwaruze fundi mwingine atakayekuja baadaye. Hiyo ya kukunja ncha hakufundishwa. Mzee alikuwa anawapandisha wengine waione.

Posho ilimbadilisha. Mama yake, ambaye aliuza dagaa wa omena na samaki wa kukaanga sokoni Rangwe, alipata mabati mapya. Jarangwe akaoa. Alipokuwa akizungumza juu ya mwaka utakaofuata alisema "nikishaajiriwa," kama mtu anayesema "mvua ikishanyesha."

Mwisho wa mafunzo walikuja wakubwa kutoka makao makuu. Tuliitwa ofisini mmojammoja, wengine tukangoja kwenye benchi nje. Mimi waliniuliza maswali machache, wakaniambia nitapewa kazi Migori, na mmoja wao akaongeza kwamba shirika linahitaji akina dada. Nilitoka miguu ikiwa myepesi. Jarangwe akaingia. Hakukawia.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema asante."

Nilidhani anatania. Akaketi kando yangu, akaweka helmeti magotini, akaitazama. Walimwambia cheti chake cha sekondari hakifikii alama zinazotakiwa sasa. Walipomchukua kwenye uanagenzi alama hizo hazikutakiwa. Masharti yalibadilika katikati, na hakuna aliyekuja uwanjani kumwambia.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia ndani bila kuitwa. Tulisikia sauti yake, kisha sauti za wale wengine, tulivu na ndefu. Alipotoka alitupita bila kusimama. Alifika karibu na geti, akarudi, akamwambia Jarangwe, "Nimesema."

Siku hiyohiyo Jarangwe alirudisha vifaa stoo. Mwenye stoo alikagua mkanda pande zote, akavuta buti, akatafuta nyufa kwenye helmeti. Kila kitu kilikuwa sawa. Ovaroli ya mafunzo aliachiwa kwa sababu ilikuwa imechakaa.

Tulisalimiana kwa mkono pale nje. Aliniambia nisiwe na uso wa matanga, kwa kuwa kazi ya mmoja ni kazi ya nyumba. Nilijua si kweli, na yeye alijua.

*

Migori nilipangwa kikosi kimoja na Mzee. Alikuwa amerudishwa kazi ya laini amalizie muda wake. Kikosi kilikuwa sisi wawili na dereva, mtu mpole wa Karungu aliyependa redio. Eneo letu lilishuka hadi Nyatike, na mara nyingi kulikotuita kulikuwa Macalder.

Mgeni akifika Macalder huona kwanza vumbi. Ni vumbi la kijivu linalotoka kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nalo hukaa juu ya majani ya miti, juu ya mbuzi, kwenye kope za wanawake wanaochekecha matope kwenye karai. Ardhi ina mashimo kila mahali, mengine yamezibwa kwa matawi ili ng'ombe wasitumbukie. Mashine zinataka stima. Pampu za kutoa maji shimoni zinataka stima. Feni za kupeleka hewa chini kwa wanaume wanaochimba zinataka stima. Shirika lilifikisha laini kwenye soko na shule, na kwingine kote stima ilienda yenyewe, kwa mikono ya wale tunaowaita vishoka, mafundi wasio na idhini wanaounganisha watu kwa siri. Waya zao zilining'inia kwenye miti ya miiba, zikaburutwa chini kwenye majani. Ng'ombe walikufa. Mtoto wa mtu mmoja alikufa kabla sijafika. Kazi yetu ilikuwa kuzikata. Tulizikata Jumatatu, Alhamisi zikawa zimerudi.

Kisha siku moja tukakuta za aina nyingine. Zilitoka kwenye transfoma nyuma ya kilima kidogo na kuteremka hadi kwenye mashimo, juu ya nguzo za mkaratusi zilizonyooka, zilizofukiwa sawasawa. Nyaya zilikuwa zimevutwa vizuri, zina nafasi kati yake, hakuna mahali zimegusa jani. Mzee alishuka kwenye gari akasimama chini ya nguzo ya kwanza kwa muda mrefu.

"Nyar Sakwa," akasema, "panda uniambie unaona nini."

Nilipanda. Mizunguko ililala sambamba kwenye kikombe. Ncha ilikuwa imekunjwa ndani.

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Alivua kofia ile ya sufi, akajipangusa uso, akaivaa tena. "Kata," akasema. Nikakata. Nguzo baada ya nguzo nilikuwa nikifungua kazi ambayo ningeitambua popote, na chini Mzee alikuwa akikunja waya bila kuniangalia.

Hatukuwa tumemaliza alipotokea. Alikuja kwa miguu kutoka kwenye mashimo, amevaa ile ovaroli ya mafunzo, nembo ya shirika imefumuliwa kifuani, lakini kitambaa chini yake hakikuwa kimepauka, kwa hiyo umbo lake lilionekana bado. Alikuwa amekonda. Alimsalimia Mzee kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii kazi ni yako?"

"Ni yangu."

"Unajua ni makosa."

"Najua."

"Unajua pia itakuua."

Jarangwe akatazama mashimo. "Mzee, kabla sijaja, hawa walikuwa wanaunganisha kwa waya wa seng'enge. Kuna mtu alikufa hapo chini pampu ilipozima. Mimi angalau naweka vizuri."

"Acha hii kazi, kijana."

"Nipe nyingine, Mzee. Nitaiacha leo."

Mzee aliinama akaendelea kukunja waya. Wakati huo mke wa Jarangwe alikuwa mjamzito, na mama yake alikuwa ameanza kuugua miguu kwa kusimama sokoni. Aliniambia hayo kando, haraka, kwa Kijaluo, kama mtu anayeomba radhi. Nikampa maji niliyokuwa nayo kwenye chupa. Akanywa yote.

Baada ya hapo Mzee alichukua likizo ya siku chache akaenda Kisumu kwa wakubwa. Aliporudi nilimuuliza. Akasema huko kuna viti vizuri vya kungojea. Nikaelewa.

Sikumripoti Jarangwe, wala Mzee hakumripoti. Kila mara tulipotumwa kule tulikata, na kila mara tulipokata alirudisha, na kazi yake haikupungua uzuri hata mara moja. Nadhani kama ingekuwa mbaya ingekuwa rahisi zaidi kwetu.

*

Mvua ya masika ya mwaka uliofuata ilikuja na upepo. Asubuhi moja tuliitwa Macalder, tawi zima la laini halina stima. Tulikuta mti umeanguka juu ya waya mkubwa, upande huu wa mto, na waya umekatika. Tulifungua fyuzi pale tawi linapoanzia ili stima isipite, tukaweka nyaya za ardhi, zinazoshusha udongoni stima yoyote iliyopotea njia, pande zote mbili za tulipofanyia kazi, kama inavyotakiwa. Tukakata mti, tukaunga waya, tukauvuta. Mvua ilikuwa imeisha na jua lilikuwa linavukisha majani. Kazi ilikwenda vizuri. Nakumbuka dereva alitununulia mihogo ya kuchemsha tukala tumesimama.

Kabla ya kurudisha stima, Mzee alikuwa na desturi ya kupita na gari hadi mwisho wa laini kuhakikisha hakuna waya mwingine ulioanguka wala mtu aliyekaribia. Siku hiyo tulipita hadi Mto Kuja. Maji yalikuwa yamefunika kivuko, mekundu, yanakwenda na magogo. Mzee alishuka akatazama ng'ambo. Laini ilionekana kutoka pale hadi kilima, nyaya zote ziko juu. Nyuma ya kilima haikuonekana. Alikaa pale ukingoni kitambo. Simu ilikuwa inaita, watu wa hospitali ndogo ya huko walikuwa wanalalamika chanjo zitaharibika, na chumba cha usimamizi wa laini kinauliza kimebaki nini.

"Turudi," akasema.

Kwenye nguzo ya fyuzi aliwapigia watu wa usimamizi.

"Watu wako wako chini?" wakamuuliza. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Wako chini."

"Ardhi umetoa?"

"Nimetoa."

"Rudisha."

Kazi ya kufunga fyuzi ingeweza kuwa yangu. Mzee alichukua mwenyewe ile fimbo ndefu isiyopitisha stima, ya kufikia fyuzi kutoka chini, kama alivyofanya mara nyingi, akaiinua, akalenga, akafunga kila fyuzi kwa pigo moja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna cheche. Aliteremsha fimbo akaanza kuifungua vipandevipande.

Ng'ambo ya mto mashine za kusagia mawe zikaanza kunguruma, moja, kisha nyingine. Tulisikia watu wakishangilia, jinsi wanavyoshangilia kote stima ikirudi. Kisha kelele zile zikabadilika. Sijui niseme vipi. Ilikuwa sauti ileile ya watu walewale, lakini iligeuka katikati. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine.

Mzee alisimama na kipande cha fimbo mkononi. "Fungua," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Fungua, Nyar Sakwa, fungua." Aliunganisha fimbo tena, vipande vikimkataa, nikaichukua, nikafungua fyuzi zote.

Tulizunguka kwa daraja la juu. Ni mbali. Dereva alizima redio.

Jarangwe alikuwa kwenye nguzo iliyo karibu na ile transfoma ya nyuma ya kilima. Alikuwa ameketi kwenye mkanda aliojitengenezea kwa mpira wa tairi, amejiegemeza mbele, shavu limegusa mti. Mtu aliyemwona kutoka mbali angesema anapumzika. Wachimbaji walikuwa wamesimama chini kwa duara, nyuso zao za kijivu kwa vumbi, na hakuna aliyekuwa amethubutu kugusa nguzo.

Mimi nilidhani watatupiga mawe. Hawakutupiga. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mkono uliopinda, alikuja mbele akamwambia Mzee, "Alipanda kwa kuwa stima ilikuwa imepotea. Alitaka kurekebisha waya mmoja uliolegea na upepo. Tulimwambia angoje. Akasema gari la Mzee limeonekana kule, na Mzee harudishi moto kabla hajapita nguzo zote. Akasema ana muda."

Mzee aliyasikia yote. Hakuketi, hakulia. Alienda kwenye transfoma, akahakikisha kwa kipimo kwamba hakuna stima, akafunga nyaya za ardhi, kisha akarudi na kunipa kamba.

"Siwezi kupanda," akasema.

Nilipanda mimi. Nilipofika alipo, nilimgusa bega kwanza, sijui kwa nini, kama unavyomgusa mtu aliyelala ili asishtuke. Mikono yake sitaieleza. Nilipitisha kamba chini ya makwapa, nikaifunga, nikaizungusha juu ya mti wa mkingamo, na wanaume wa chini wakashika uzito wake. Nikafungua mkanda wa tairi. Walimpokea kama watu wanaopokea mtoto kwa mama yake, mikono mingi, bila kelele.

*

Polisi walikuja, wakaandika. Shirika nalo lilifanya uchunguzi. Walituhoji mmojammoja Migori, kwenye chumba chenye feni. Waliona kwamba taratibu zilifuatwa, kwamba laini ile ya chini si yetu, na kwamba marehemu hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Mzee alitoka akaketi kwenye ngazi za ofisi.

"Wameniambia sina kosa," akasema.

"Huna, Mzee."

"Niliwauliza, kama sina kosa mimi, liko kwa nani? Wakaniambia uchunguzi umekwisha."

Siku mbili baadaye aliniambia anataka kwenda Rangwe kwenye mazishi. Dereva alimwomba asiende. Alimwambia kwa heshima kwamba yeye ni Mkuria, anaenda kusimama kwenye boma la Wajaluo kabla maiti haijazikwa, na mkono wake ndio uliorudisha stima. Watu wakiwa na uchungu hawasikilizi mambo ya taratibu. Mzee akamsikiliza hadi mwisho. "Ndiyo maana lazima niende," akasema. "Wewe Nyar Sakwa utaniambia wanasema nini, na utawaambia nasema nini."

Boma lilikuwa kwenye mteremko, nje kidogo ya soko. Hema zilikuwa zimesimamishwa, jeneza liko mbele ya nyumba ya mabati, yale mabati mapya. Mjane aliketi ardhini, mtoto wao mchanga akiwa amebebwa mgongoni na dada yake. Mama yake Jarangwe aliketi kwenye kiti cha plastiki, mwanamke mrefu kama mwanawe, miguu imefungwa vitambaa. Watu walipokuwa wakitoa salamu za mwisho, Mzee alinigusa mkono, tukaenda mbele. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyesimama badala ya baba, alituruhusu kusema.

Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Mimi nilimfundisha huyu kijana," akasema. "Na mimi ndiye niliyerudisha stima. Alikuwa juu. Sikupita nguzo zote. Mto ulijaa, nikarudi. Ni mkono wangu huu."

Watu waliojua Kiswahili tayari walikuwa wameinua vichwa. Baba mkubwa na wazee waliokuwa karibu naye walinitazama mimi, wakingoja. Niliogopa. Kwa Kijaluo stima ni mach, moto, na kuna njia ya kulisema jambo hilo bila mtu ndani yake. Nikasema alimfundisha marehemu, na kwamba mto ulikuwa umejaa, na kwamba mach noduogo, moto ulirudi.

Mama akanyanyua mkono. Alikuwa ameuza samaki kwa wenyeji na wageni miaka mingi, na Kiswahili alikijua kuliko mimi.

"Hakusema hivyo," akaniambia kwa Kiswahili, ili Mzee naye asikie. "Hakusema ulirudi. Amesema ni yeye aliyeurudisha. Mwambie shemeji yangu kama alivyosema."

Nikasema upya. Nilisema kila neno, hadi la mkono. Kulikuwa na mnong'ono uliopita chini ya hema kama upepo kwenye mahindi makavu. Vijana wawili walisimama. Baba mkubwa akawaambia waketi, wakaketi, lakini mmoja wao aliendelea kumtazama Mzee kwa namna iliyomfanya dereva, nyuma, aanze kusogea kuelekea gari.

Mama alimgeukia Mzee.

"Mwanangu alikuwa fundi mbaya?" akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Alikuwa mwizi wa vifaa? Alikuwa mlevi?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hawakumchukua kazi? Alikaa kwenu, mkamlipa, akajenga hapa, akaoa, kisha mkamrudisha. Kwa nini?"

"Nilisema," Mzee akajibu. "Hawakunisikia."

"Sikuulizi kama ulisema. Nakuuliza kwa nini."

"Sijui, mama."

"Alikuwa fundi wa namna gani?"

Mzee alikuwa ameanza kulia, bila sauti, machozi yanafuata mikunjo ya uso. "Alikuwa fundi bora kuliko wote niliofundisha."

Mama akanigeukia. "Hilo liseme kwa nguvu. Liseme lifike nyuma kule. Watu hapa wameambiwa mwanangu amekufa akiiba."

Nikalisema kwa nguvu. Nikalirudia mara ya pili.

Kisha akamwambia Mzee, kwa upole lakini bila kumpa mkono, "Umekuja, umesema, tumesikia. Sasa nenda. Usingoje tumfukie. Udongo wake hutautia wewe."

Mzee aliinamisha kichwa. Baba mkubwa hakupinga. Tulipokuwa tukitembea kuelekea barabarani, Mzee aliniambia nirudi nibaki, nitie udongo, kwa kuwa mimi sikukatazwa. Nikarudi. Alingoja ndani ya gari, madirisha yamefungwa, hadi nyimbo zilipokwisha.

Hakushika tena fimbo ya fyuzi. Alikuwa anakuja kazini, anakagua vifaa, anaketi mbele na dereva, na tukifika mahali pa kurudisha stima anashuka na kutembea kando mpaka nimalize. Aliomba kustaafu mapema, wakamkubalia. Nilimtembelea mara moja kwake karibu na mpaka. Ana mahindi na mbuzi. Tulizungumza juu ya mbuzi. Mke wake alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia Mzee hawezi kukaa nyumba moja na kelele za watu wanaofurahi, hata harusi haendi.

Mjane alirudi kwao na mtoto. Mama bado anauza samaki Rangwe, sasa ameketi. Nikipita hununua kwake, naye hunifungia vizuri na kuniuliza habari za kazi. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Shirika lilipeleka laini halali kwenye mashimo ya Macalder baadaye. Wapimaji walizunguka siku kadhaa na vyombo vyao, na mwishowe wakachora njia ileile aliyopitisha yeye, kwa kuwa hakuna nyingine inayofaa kati ya kilima na mto. Nilikuwa kwenye kikosi kilichosimamisha nguzo. Zile zake za mkaratusi tulizing'oa, wanawake wakazigombania kwa kuni.

Sasa mimi ndiye mkubwa wa kikosi, na napita nguzo zote. Mto Kuja ukijaa nangoja ushuke, hata ikiwa ni kesho, na Macalder yote inakaa gizani. Watu wananichukia kwa hilo. Msimu uliopita mwenye bucha alinipigia simu nyama yake inaharibika, akaniambia mimi ni mwanamke mwoga niliyepewa kazi ya wanaume. Nikamwambia pole, baba, maji bado yako juu. Nikakata simu, nikaendelea kuutazama mto.